Sambusa Mia Nne na Kaimu Mmoja

Wananchi wote wa Kampala wanatangaziwa ya kwamba kuanzia Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, baiskeli ni gari.

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Tisa wa Ofisi ya Nidhamu ya Magurudumu, na ndivyo ulivyoisha, maana kurasa thelathini na nane za katikati zilikuwa zinaeleza hilo hilo tu. Aliyeuandika ni mzee Saverio Okwir, Kaimu Mkurugenzi. Miaka kumi na moja alikuwa kaimu. Alikaimu mpaka watu wakadhani ni jina la ukoo. Majirani kule Makindye walimsalimu, "Jambo mzee Kaimu," naye akaitika, lakini moyoni kulichoma.

Sasa Ijumaa hiyo mateso yalikuwa yanakwisha. Saa sita mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Old Kampala, mbele ya Katibu Mkuu, mzee Okwir angekula kiapo na kuwa Mkurugenzi kamili, bila kaimu, bila mkia wowote. Barua ilikuwa mfukoni. Ndani yake kulikuwa na kifungu alichokiomba yeye mwenyewe, kwa herufi nzito: *Asiyekuwepo ukumbini saa sita kamili amejiondoa, na nafasi atapewa ofisa yeyote wa Ofisi atakayekuwepo.* Kifungu hicho kilikuwa mtego wa kumfungia nje Bwana Oyet, mpinzani wake wa ghorofa ya chini, mtu ambaye hajawahi kufika mahali popote kabla ya chakula.

Waraka Namba Tisa ulizaliwa na malalamiko. Madereva walifika ofisini Kansanga, juu ya duka la magodoro, wamejaa ngazi nzima.

"Hawa wa baiskeli hawana sheria!" alisema mmoja. "Wanapita taa nyekundu, wanapita kushoto, wanapita katikati. Sisi tunafuata sheria, wao hapana!"

Gari lake lilikuwa limeegeshwa juu ya maua ya Ofisi. Mzee Okwir aliyaona maua, akaandika: *madereva wana uchungu wa kweli.*

Upande wa baiskeli ulileta mtu mmoja, Swaib Marjan, Mnubi wa Old Kampala anayesambaza sambusa za mke wake Kulusum kwa baiskeli nyeusi yenye kengele mbili, moja ya kuomba njia na nyingine ya kutukana.

"Mzee, gari zinatufuata mpaka kwenye njia ya miguu," alisema Marjan. "Tukikaa barabarani kama wanavyotaka, tutakufa."

"Mtakufa kwa utaratibu," alijibu mzee Okwir kwa upole, akagonga muhuri.

Kwa hiyo sheria ikawa hivi: baiskeli ishike njia yake nzima kama gari. Mbele yake iache nafasi ya gari moja. Isimame kwenye kila kivuko cha miguu. Anayetaka kukata kona anyooshe mkono mita thelathini kabla, na mkono usishuke mpaka kona imekwisha. Ikiegeshwa, ichukue nafasi ya gari, moja kwa moja. Atakayekosa, baiskeli yake italala Ofisini.

Wataalamu wa Ofisi walitazamia ukaidi. Walijiandaa kwa ukaidi, walinunua hata minyororo. Kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyekitazamia ni kwamba watu wa baiskeli wangetii.

Jumatatu saa moja walitoka. Kutoka Kansanga mpaka Kabalagala baiskeli zilijipanga katikati ya njia, moja nyuma ya nyingine, kila moja na nafasi yake ya gari, mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Kwenye kivuko walisimama. Wakatazama kulia, kushoto, kulia tena. Wakawaashiria kwa heshima akina mama wavuke, hata akina mama ambao walikuwa wamesimama tu wanauza ndizi. Mama mmoja alivushwa mara tatu siku hiyo, na hakuwa na shida yoyote ng'ambo.

"Pita pembeni, ssebo, bwana!" walilia madereva.

"Pembeni ni kosa, mzee. Kifungu cha sita."

Jumanne dereva wa teksi alishuka akapiga magoti kwenye lami. "Vunja kidogo tu, mwanangu. Nani atakuona?"

"Dhamira," alijibu wa baiskeli, mkono umenyooka.

Kufika Alhamisi, kule mjini nafasi zote za kuegesha zilikuwa na baiskeli moja moja, zimelala katikati ya mistari kama wagonjwa wodini. Mzee Okwir alipeleka taarifa yake ya wiki: *Utii umefika asilimia mia. Mwendo wa magari umefika hali ya utulivu.* Neno "utulivu" alilipigia mstari mara mbili.

Ijumaa saa nne alitoka na gari la Ofisi, suti mpya, dereva wake Ojera kwenye usukani. Saa tano kasoro robo walikuwa wametoka duka la magodoro na kufika duka lililofuata, ambalo nalo ni la magodoro. Ojera alizima injini, akashuka, akanunua muhogo wa kuchoma, akala, akarudi, akakuta foleni haijasogea.

"Ojera, fanya kitu!"

"Mzee, nimefanya. Nimekula."

Kulikuwa na boda pale kando, zimejaa. Lakini Waraka Namba Nne unakataza ofisa wa ngazi ya mzee Okwir kupanda boda, kwa ajili ya heshima. Nani aliuandika? Tusiulize. Kutembea nako hakukuwezekana. Mara ya mwisho mzee Okwir kutembea mbali ilikuwa kabla hajaanza kuvaa suti. Akashuka, akatazama mbele, akaona mgongo anaoujua. Marjan, kwenye foleni, mkono umenyooka, boksi la sambusa limefungwa mbele kwenye usukani.

"Marjan! Unakwenda wapi?"

"Kwenye kiapo chako, mzee. Sambusa mia nne. Ukumbi uliagiza."

"Nibebe nyuma, twende."

"Mzee, baiskeli ni gari. Abiria wa gari anataka kiti, mkanda na mlango." Marjan alijitazama kushoto na kulia. "Mlango sina."

"Basi pita pembeni, mimi nikimbie nyuma yako!"

"Pembeni?" Marjan alipaza sauti, akapiga kengele ya pili. "Banange, jamani, mzee Kaimu anasema nipite pembeni!"

Madereva wote walitoa vichwa madirishani. "Pita! Pita! Mungu akubariki, pita!"

Ndipo firimbi ikalia. Ofisa Adyero alikuwa anakuja na baiskeli ya Ofisi, mkono umenyooka. Huyu Adyero mzee Okwir alimchagua mwenyewe kati ya watu mia, kwa sababu hajawahi kupokea kitu cha mtu, hata chai. Alishawahi kumwandikia kosa mama yake mzazi kwa kuvuka barabara na kuku ambaye hakutazama kulia. Siku ya kumwajiri, mzee Okwir alimwambia maneno haya: "Hata mimi nikikuamuru kuvunja sheria, kataa."

Adyero alisikiliza pande zote. Akafungua Waraka, akalamba kidole, akageuza kurasa.

"Abiria hapana," alisema. "Lakini kuna kifungu cha thelathini na moja. Mzigo mpana."

Uso wa mzee Okwir ulifunguka kama dirisha. Kifungu hicho alikiandika kwa mapenzi, mwezi aliokuwa anahamisha kochi la nyumbani. *Mzigo unaozidi upana wa usukani, ukifungwa kamba, ukifunikwa turubai na kutundikwa kitambaa chekundu, na ukisindikizwa na ofisa, utapishwa na magari yote.*

"Utapishwa na magari yote," alirudia mzee Okwir, karibu kulia.

"Kinaendelea, mzee," alisema Adyero. "*Mzigo ni mzigo tangu kufungwa mpaka kupokelewa kwa sahihi.*"

"Ndiyo, ndiyo. Nipime!"

Adyero alitoa tepu. Alipima usukani, halafu akazunguka na kumpima Kaimu.

"Umezidi kwa sentimita nane," alisema. "Hongera, mzee."

Madereva walishuka kusaidia. Hakuna aliyeombwa. Mzee Okwir alilazwa juu ya keria, tumbo chini, na watu ambao wiki nzima walikuwa hawana la kufanya walimfunga kamba kwa moyo wote. Mwenye lori la mkaa alitoa turubai. Kitambaa chekundu kilikosekana, mpaka Ojera akakumbuka tai mpya ya bosi. Ikatundikwa kwenye kiatu. Marjan akatoa hati yake ya mzigo, na pale chini ya *Sambusa 400*, Adyero akaandika kwa mwandiko safi: *Kaimu 1.*

Halafu firimbi, na Kampala ikafunguka.

Wallahi, ilifunguka! Teksi zilirudi nyuma, malori yalipanda ukingo, boda zilibana matumbo. Kabalagala watu walipiga makofi. Nsambya mtu mmoja aliuliza, "Kimebeba nini hicho?" Marjan akajibu, "Sambusa na serikali." Kila shimo la barabara lilitoa sauti chini ya turubai, na kila sauti Marjan aliijibu kwa kengele, kwa adabu, ile ya kwanza.

"Marjan," ilisema turubai karibu na mnara wa saa, "polepole."

"Mzigo hauongei na dereva, mzee. Unanivuruga akili."

Walipanda kilima cha Old Kampala, Marjan anasukuma kwa miguu, jasho linamtoka, Adyero nyuma anashikilia kiatu chenye tai. Langoni ilikuwa saa sita kasoro dakika saba. Mzee Okwir alisikia vipaza sauti vya ukumbini vikijaribiwa, na chini ya turubai alitabasamu. Walifika!

Askari wa lango alitazama kamba, akatazama kitambaa.

"Mizigo ni stoo. Zunguka nyuma."

Stoo ilikuwa ya Docus. Docus ana miwani mbili, moja ya kusoma na moja ya kukataa. Alichukua hati, akavaa ya kwanza.

"Sambusa mia nne. Ziliagizwa, zimefika, nzuri sana. Ziende ukumbini." Sambusa zikabebwa. Akavaa miwani ya pili. "Kaimu mmoja. Hiyo hatukuagiza."

"Docus!" ilisema turubai. "Ni mimi, Okwir!"

"Nakujua, mzee. Karatasi ndiyo haikujui."

"Nifungue! Nakula kiapo saa sita!"

"Kitu kisichoagizwa hakifunguliwi mpaka kipokelewe, na hakipokelewi bila sahihi ya Mkurugenzi. Mkurugenzi hatuna. Basi Kaimu wake asaini."

"Kaimu ni mimi!"

Docus alivua miwani zote. "Mzee, tuongee kama watu wazima. Umewahi kuona gunia la mahindi linajisaini?"

"Adyero! Kata kamba! Hiyo ni amri!"

"Mzee," alisema Adyero, na sauti yake ilikuwa na huruma, "nakataa. Uliniambia mwenyewe." Akapiga saluti mbele ya turubai, na maana ofisa akimaliza kusindikiza lazima aende kuripoti, akaingia ukumbini.

Marjan alikaa chini kwenye ngazi ya stoo, akajifuta jasho. Akalivuta turubai kidogo pembeni, mzee apate hewa. Kutoka hapo walisikia kila kitu cha ukumbini.

Katibu Mkuu alikuwepo. Alikuwa ametoka nyumbani kwake tangu Jumatano. Ukumbi ulikuwa na yeye, mpiga picha, viti mia nne na sambusa mia nne.

"Saverio Okwir," vilisema vipaza sauti.

"Nipo!" alilia mzee Okwir.

"Saverio Okwir."

"Nipo hapa nyuma! Nipo!"

"Nani anaitika huko?" aliuliza Katibu Mkuu.

Mpiga picha alichungulia dirishani. "Ni mzigo, mheshimiwa."

"Umefungwa vizuri?"

"Vizuri sana. Mpaka kitambaa chekundu."

"Hayo ndiyo maendeleo. Saverio Okwir, mara ya tatu." Saa ya ukutani ikagonga. "Amejiondoa. Kuna ofisa yeyote wa Ofisi hapa ndani?"

Ikaitika sauti ya mwanamke, kavu, kama anasoma namba ya gari: "Adyero, mheshimiwa. Nipo."

Kiapo kilichukua dakika mbili. Mpiga picha baadaye alishuhudia kwamba ndiyo siku ya kwanza Adyero alionekana akipokea kitu: Biblia, kalamu, na alipoulizwa tena kwa bidii, sambusa moja.

Kabla hajaondoka mezani aliandika Waraka Namba Kumi. Ulikuwa mstari mmoja: *Baiskeli ni baiskeli, gari ni gari, na gari zote ziondoke kwenye njia ya miguu na kwenye maua, kuanzia gari za Ofisi.* Marjan alisomewa pale ngazini. Akauliza kama anaweza kushusha mkono sasa. Alikuwa ameusahau juu.

Mkurugenzi Adyero akaja stoo.

"Nyabo, mama Mkurugenzi," alisema Docus, akisimama, "kuna kitu kimoja hapa hakijapokelewa. Unakipokea?"

Kiatu chenye tai kilitikisika.

Adyero alitazama kamba, akakagua fundo moja moja, akaridhika. Akachukua kalamu, akaweka sahihi. Chini yake kulikuwa na nafasi ya hali ya mzigo. Akafikiri, maana hajawahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali, halafu akajaza:

*Umetumika miaka kumi na moja. Utunzwe mahali pakavu.*