Nimeiona Mara Tatu

Ijumaa, 3 Mei

Siku imefika. Leo wameanza kuonyesha Taa za Zohali, Sehemu ya Pili. Miaka tisa watu wameingoja. Foleni kwenye ukumbi wa sinema ilianza kabla sijafungua mlango wa duka letu la udobi. Nikaitazama kupitia dirishani, pasi mkononi.

Niseme ukweli, ya kwanza niliiona zamani na niliipenda kiasi. Aliyenifanya niipende sana ni Mfamasia wa duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Huleta makoti yake meupe Jumatatu, huyachukua Alhamisi. Mwaka jana aliegemea kaunta akanisimulia alivyoiona na marehemu baba yake. Katika filamu hiyo mlinzi wa taa anaondoka kwenda kumtafuta ndugu yake, na roboti wake, Kopo, anabaki peke yake huko angani kuitunza taa ili vyombo visipotee. Kila mlango wa chuma ulipofunguka gizani, baba mtu alishtuka akamshika binti mkono, ingawa mkubwa ni yeye. Alisema anaukumbuka mkono ule kuliko filamu yenyewe. Tangu siku hiyo makoti yake nayanyoosha kama ya bwana harusi.

Mpango: kumwomba Jumatatu twende pamoja. Mpango mzuri, mfupi, hauna gharama.

Umedumu hadi saa sita. Akaingia Profesa kuchukua suruali zake. Ni dereva wa basi la shule. Tunamwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua. Ametoka kuiona, anasema ni uchafu mtupu. Kisha akaniuliza mimi nitaiona lini, kwa sauti ile ya kumuuliza mtu kama amewahi kupanda ndege. Nikamwambia nimeshaiona. Akasema hakuniona ukumbini. Nikamwambia nilikaa nyuma.

Jumamosi, 4 Mei

Kaunta imegawanyika. Upande wa mizani ya nguo wamesimama wanaoichukia, wakiongozwa na Profesa. Upande wa mashuka wako waliolia wakaridhika. Ugomvi wote ni Kopo. Katika ya kwanza hakuwa na sauti, aliwasha taa zake tu, moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Katika hii ya pili anaongea. Profesa anasema roboti akipewa mdomo ndio mwisho wake. Wa mashuka wanasema baada ya miaka yote ile hata wewe ungeongea.

Nimekubaliana na kila mmoja, kwa zamu, huku nikikunja.

Nimefikiri sana juu ya kwenda kuiona. Haifai. Kwanza, muuza tiketi ni mteja wetu na mdomo wake hauna mlango. Kesho yake mtaa mzima utajua kwamba jana nilidanganya. Pili, nikiiona nitakuwa na maoni. Mtu mwenye maoni atakubaliana vipi na Mfamasia kabla hajajua Mfamasia anafikiri nini? Lazima nijue ya kwake kwanza.

Jioni Profesa akatangaza ameiona mara mbili, ili aichukie vizuri. Nikasema mimi mara tatu. Shangazi, ambaye duka ni lake, akainua macho kwenye mashine. Akataka kujua nimeiona saa ngapi wakati tangu Alhamisi sijatoka hapa hata kununua maji. Nikaenda kuangalia wanga kama umechemka.

Jumatatu, 6 Mei

Makoti yamekuja. Matano. Kanuni ya kwanza ya udobi ni kupekua mifuko kabla ya maji, kwa sababu kalamu moja huharibu mashuka ya nyumba nzima. Leo nilipekua kwa umakini wa pekee nikitafuta kipande cha tiketi. Nilipata pipi ya kikohozi na klipu ya karatasi.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa bado yupo kaunta. Akasema amesikia kwamba nimeiona. Nikajikaza kisabuni. Nikamsimulia taa inavyozimika kama walivyosema wa mashuka, na mlinzi anavyorudi mzee kama alivyosema Profesa, na nilivyolia, hilo nikalitunga mwenyewe. Nilikuwa ndiyo kwanza naukaribia mwisho alipochukua mikono miwili ya koti akajiziba nayo masikio. Akaondoka hivyo hivyo, akisahau risiti.

Sasa najua. Anaichukia. Inamuumiza kiasi kwamba hawezi hata kuisikia.

Jumanne, 7 Mei

Nimehamia kwa Profesa. Hamu niliyokuwa nayo ya kukaa upande mmoja na Mfamasia, hata bila yeye kuwepo, ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimeiponda filamu kuanzia asubuhi. Nimesema Kopo ameharibiwa. Nimesema waliolia walilia kwa sababu ya bei ya tiketi. Profesa mwenyewe akaniomba nipunguze.

Wa mashuka wamekasirika. Mama wa nyumba ya wageni amechukua mashuka yake yakiwa bado mabichi, kapakia kwenye toroli, kapeleka kwa dobi wa barabara ya pili. Shangazi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akanitazama tena, kama vile alitegemea miwani safi imwonyeshe mtu mwingine.

Jumatano, 8 Mei

Wazo limenijia nikiwa naoga. Nitamwonyesha Mfamasia kwamba niko na Kopo yule wa zamani, asiyeongea. Sokoni wanauza stika za kubandika kwa pasi. Nimenunua Kopo mdogo, wa kijivu, taa mbili. Mpango ni kumbandika ndani ya mfuko wa koti, mahali pa siri, ili siku moja atie mkono atafute kalamu amkute. Ajue kuna mtu.

Nilibandika kwenye koti moja asubuhi, nikamwita nesi mmoja anayepita akamfikishie koti mapema, ili asingoje Alhamisi.

Kasoro ndogo. Pasi ya mvuke ina moto kuliko wanavyoandika kwenye stika. Kopo amepenya hadi nje ya mfuko. Nilipoona alama yake kwenye ubao wa kunyooshea, koti lilikuwa limeshavuka barabara. Mfamasia amefanya kazi mchana kutwa na roboti kifuani, naye hana habari.

Nimejificha nyuma ya mashine hadi jioni.

Alhamisi, 9 Mei

Amekuja! Anacheka. Anasema watoto waliokuwa wanakataa dawa ya kikohozi wameinywa wote huku wakimshika Kopo tumbo. Hataki nimtoe. Aliegemea kaunta kama mwaka jana, kiwiko pale pale. Nilitamani dakika ile isiishe. Kuna siku mtu hutosheka na kiwiko.

Kisha akaniuliza taratibu, bila mzaha, kama ni kweli nimeiona mara tatu. Nikaona ananipima kama mimi ni mpenzi wa kweli wa Zohali. Nikasema mara tatu kamili, na ya nne naifikiria. Akasema, ah. Ah tu. Akachukua makoti yake. Nilipiga miluzi hadi tunafunga.

Wakati wa kufunga, Shangazi akaniuliza kama nimemwelewa yule dada. Nikasema nimemwelewa sana. Akasema, mwanangu, hujaelewa hata kidogo. Kumbe Mfamasia amemweleza yeye, walipokutana kwenye foleni ya mkate, kwamba ana tiketi mbili za Jumamosi. Mwenyewe hajaiona. Anatafuta mtu ambaye naye hajaiona, asiyejua mlango upi utafunguka saa ngapi, waogope pamoja. Mtaa mzima umeshaiona. Alitumaini labda mimi, maana siku zote niko dukani.

Sikumsubiri amalize. Nilivuka barabara na aproni. Nikasema kwa pumzi moja kwamba sijaiona, sijawahi, nilidanganya yote. Mfamasia akatabasamu kwa huruma. Akasema mimi ni mwema kutaka kumfurahisha, lakini nilimsimulia taa inavyozimika, na machozi yalinilengalenga. Nani anaweza kutunga vile?

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya rafu ya dawa za macho. Ilikuwa ya Fundi Saa, jirani yetu, mtu anayeongea kama analipia kila neno. Alisema yeye hajaiona. Hata ya kwanza hajaiona.

Mfamasia alimtazama kama mtu aliyeona hereni yake iliyopotea.

Ijumaa, 10 Mei

Fundi Saa kaleta shati la kesho. Kaomba linyooshwe vizuri. Kaniletea mimi!

Sikuliunguza. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nimelitia wanga kwenye ukosi, kisha tena, kisha tena. Ukosi umesimama wenyewe mezani bila shati kuusaidia. Akiuvaa hataweza kugeuza shingo kumtazama.

Jumamosi, 11 Mei

Wamepita mbele ya dirisha jioni. Yeye amevaa gauni ambalo halijawahi kuja kwangu. Analifua mwenyewe nyumbani. Sikujua ana gauni hilo. Hilo ndilo limeniuma, siwezi kueleza kwa nini. Fundi Saa alitembea kando yake ametazama mbele tu.

Shangazi aliniwekea chai karibu na pasi, akazima redio bila kuambiwa.

Jumapili, 12 Mei

Nimeiona.

Muuza tiketi hupumzika Jumapili, kuna mwingine asiyenijua. Nilivaa kofia. Safu ya J, kiti cha saba, onyesho la mchana, watu wachache.

Profesa amekosea na wa mashuka wamekosea. Kopo haongei vile walivyosema. Filamu nzima yuko kimya. Taa inakufa kidogo kidogo naye anavunja vyuma vya mwili wake mwenyewe kuilisha, mkono, kisha mguu, akimngoja mlinzi ambaye hana hakika kama atarudi. Anaporudi, ni mzee, hakumbuki hata njia ya ngazi. Hapo ndipo Kopo anaongea, neno moja tu. Anasema, sikuizima.

Kabla ya hapo mlango wa chuma ulifunguka gizani, nikashtuka. Mkono wangu ukaenda kando wenyewe. Ukakuta kiti kitupu, kitambaa baridi. Nikauacha pale pale hadi mwisho, sikujua niurudishe wapi. Nikalia kweli safari hii, si kama Jumatatu. Nyuma yangu kuna mtu alikuwa anapenga kamasi polepole. Sikugeuka, nisije nikajulikana. Taa zilipowaka nikatoka wa kwanza, kofia hadi puani.

Sasa nina maoni yangu mwenyewe, mazuri, ya kwangu, na mtu mmoja tu ninayetaka kumwambia. Ilibidi niyaseme kwa sufuria la wanga.

Jumatatu, 13 Mei

Alikuja mapema na makoti. Habari njema: Fundi Saa hakushtuka hata mara moja. Alilala kabla ya mlango wa kwanza, ameketi wima kama askari, ukosi umemshikilia kichwa. Mfamasia mwenyewe hakugundua mpaka akakoroma. Nikasema pole.

Kisha akaweka makoti kaunta, lakini mkono hakuuondoa. Akanitazama kwa muda mrefu, kwa upole ambao sijawahi kuuona usoni pake. Akaniuliza, safari hii niseme ukweli tu, hatacheka: kaka, hivi umeiona?

Nafasi ya dhahabu! Safari hii sikukurupuka. Nikakumbuka maneno ya Shangazi: anamtaka mtu ambaye hajaiona. Nikamwambia sijaiona. Hata nusu. Hata tangazo lake sijaliona. Akaniuliza kama najua Kopo anasema nini mwishoni. Nikasema Kopo ni roboti, atasema nini?

Akasema, ah.

Ah ile ile. Akaondoa mkono. Akaaga vizuri, akavuka barabara. Nilingoja ageuke kunialika. Labda alikuwa na wateja.

Nikapekua mifuko, kanuni ni kanuni. Koti la tatu, lile la Kopo: kipande cha tiketi. Jumapili, onyesho la mchana. Safu ya K, kiti cha saba. Alirudi kuiona tena, peke yake, na alikaa nyuma yangu kabisa, mgongo kwa magoti, filamu nzima.

Kama si ile kofia, angenitambua, angejua kwamba nimeiona, na uongo wangu wa leo usingefaa kitu. Ashukuriwe Mungu.

Tiketi yake sikuitupa. Nimeitoa mikunjo kwa moto mdogo, nikatafuta ya kwangu, nikaziweka mezani kama zilivyokaa jana, ya kwangu mbele, ya kwake nyuma. Nimezitazama mpaka maji ya pasi yamekauka. Alikuwa karibu sana. Ningegeuka tu.

Mteja wa mwisho leo alikuwa Profesa. Anasema imetangazwa kutakuwa na sehemu ya tatu, labda baada ya miaka mitano. Akaniuliza nimeisikiaje habari hiyo.

Nikamwambia nimeshaiona.