Madume Yangu Yametaga

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua za vuli zimeshuka Uru, konokono wametapakaa kihamba kizima, migombani mpaka mlangoni. Wenzangu wanawamwagia chumvi. Mimi naona utajiri! Hoteli moja ya mjini Moshi inawapikia watalii konokono. Mke wangu Mektrida amekubali niwafuge, ila akiona wamezaana na mmoja ameingia kwenye mchicha wake, anarudi kwao Old Moshi. Nimeapa hawatazaana. Nimetenga madume ndoo nyekundu, majike ndoo ya bluu. Dume unamjua kwa mabega, kama ndama. Sijui kwa nini watu hawafikirii.

Alhamisi, 7 Novemba
MAYAI! Kwenye ndoo ya bluu sikushangaa sana, hata kuku hutaga bila jogoo. Lakini nyekundu nayo? Madume yangu? Mungu wangu! Nimekaa chini kwenye tope, na suruali yangu ya kanisani. Nimekwisha kumjua mchawi: jirani yangu Leodegar. Ameona wivu, amenipenyezea majike. Mayai nimeyaficha stoo, nyuma ya magunia ya kahawa. Mektrida hajui.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimemshitaki Leodegar kwa mjumbe wetu, Mzee Fabian. Nilitoa shikamoo, nikamwaga malalamiko. Leodegar akauliza jike la konokono linajulikanaje. Siri ya kazi, nikamjibu. Pamela, binti wa mjumbe, anayefundisha baiolojia, alikuwa anapita na majani ya ng'ombe. Akacheka mpaka mzigo ukamponyoka. Eti kila konokono ni dume na ni jike, mwili mmoja! Wakipandana, wote wawili wanataga. Eti mmoja anaweza kutunza mbegu tumboni miezi kadhaa, akataga akiwa peke yake. Akaongeza kwamba pweza ni ndugu yao, na wako chaza wanaoanza maisha madume wakaishia majike. Nikamwomba anyamaze, kichwa kinazunguka. Mzee Fabian ameniamuru nimpelekee Leodegar mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kumwomba radhi. Leodegar aliinywa huku akinitazama usoni. Mshenzi!

Jumapili, 24 Novemba
Yesu na Maria! Tumetoka misani, mchicha hakuna. Vijiti vitupu! Watoto wa konokono, wadogo kama punje za mahindi, wamejaa ukutani wanalamba chokaa. Kumbe wanaitaka kwa ajili ya kujenga magamba. Mmoja alikuwa kwenye kitenge kipya cha Mektrida. Nilingoja matusi. Badala yake akafunga mzigo, akaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyumba imepoa, naumia.

Jumamosi, 30 Novemba
Nimepanda Old Moshi na jani la isale mkononi. Kwetu Wachaga anayeomba radhi na isale hafukuzwi, hata awe na kosa gani. Baba mkwe, Mzee Theodory, alilitazama jani, akanitazama mimi, akaguna, akanisamehe. Mektrida akauliza kama kuna konokono hata mmoja amebaki nyumbani. Nikaapa kwa ubatizo wangu hakuna. Machozi yalinitoka, naye yakamtoka. Kesho tunarudi wote.

Na sikusema uongo! Wadogo niliwamwagia chumvi, na wale wakubwa wote nilikuja nao kwenye kikapu, chini ya ndizi za zawadi. Nimewaacha kwenye kabichi za mama mkwe, nyuma ya zizi. Safari hii nimetumia akili: kila mmoja na kabichi yake, mbali na mwenzake. Upweke ule, watazaa na nani?