Hotuba ya Kuzindua Njia ya Ziwa la Juu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye ni shemeji yangu Lyle. Mchungaji Sundquist wa kanisa letu la Kilutheri. Mkuu wa Zimamoto ya Kujitolea. Kina mama wa Kamati ya Pai. Wafugaji, wakata mbao, watalii kutoka Minnesota mliodhani hii ni foleni ya choo. Mabibi na mabwana, pamoja na dubu yeyote anayetufuatilia kutoka vichakani: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mbwa anabweka.)

Kwa wale wasionifahamu, mimi ni Orville Stenrud. (Sauti: "Tunakufahamu, ndiyo shida yenyewe!") Asante, Earl, mchango wako umepokelewa na utafanyiwa kazi.

Ndugu wananchi, sitakuwa nimeitendea haki siku hii adhimu nisipogusia historia ya mradi wenyewe, yaani hifadhi yetu ya taifa ya Safu ya Skarland, mradi ambao awamu yake ya kwanza ilitekelezwa chini ya bahari, pale matope yalipojilaza tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka bila kuitisha kikao hata kimoja, ndiyo maana mpaka leo ukiokota jiwe jekundu pale mtoni utakuta viwimbi vya maji vimegandia mgongoni mwake. Katika awamu ya pili ardhi ilisukumana, mwamba mzee ukapanda juu ya mwamba kijana ukaukalia kichwani, jambo ambalo ofisi yangu inaliona kuwa mfano bora wa kulinda ajira za wazee. (Wazee wanashangilia.) Awamu ya tatu ikakabidhiwa kwa barafu kuu, iliyoteremka taratibu ikichonga bonde na kuchimba ziwa, na mkandarasi huyo hakuomba nyongeza hata mara moja. Nasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mlima huu umekamilika katika kipindi changu cha uongozi. (Kicheko kirefu.)

Na uzuri wake je? Oktoba ikifika misonobari ya kule juu, ile aina inayopukutisha majani, inageuka manjano yote ndani ya wiki moja. Mbuzi weupe wanatembea kwenye kingo zisizotosha kuweka kikombe cha kahawa. Ziwa la Juu lina buluu ambayo mke wangu amejaribu kuipaka jikoni mara tatu, akashindwa mara tatu. Tafiti za ofisi yangu zinaonyesha kwamba asilimia mia na nne ya wanaoliona hunyamaza, mimi nikiwemo. (Sauti: "Basi tukupeleke leo!")

Hapa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, tunaye Mwalimu Borghild Tveit, miaka themanini na tisa, aliyenifundisha darasa la tatu mara mbili. Tangu avunjike nyonga, miaka sita iliyopita, hajaliona ziwa hilo, na ndiko alikofungia ndoa. Ni kwa ajili yake nikaahidi njia laini, tambarare, rafiki kwa kiti cha magurudumu, yenye mabenchi jumuishi na...

(Mwalimu Borghild: "Orville, umeahidi mara nne. Leo nimevaa soksi za sufu. Njia iko wapi?")

Swali zuri sana, Mwalimu. Kama mjuavyo, tulifuata mchakato shirikishi. Ramani iliwekwa mezani ukumbini mwa kanisa, kila familia ikapewa kalamu nyekundu, iweke alama mahali ambapo njia isipite kwa sababu nyeti za kimazingira. Earl alisema mteremko wake una ndege adimu. Lyle akasema kwake kuna maporomoko ya mawe. Mchungaji, wewe ulisema kwako ni mahali pa sala. (Mchungaji anatazama viatu vyake.) Sote tunajua kinachoota hapo: beri, vile vitunda vitamu vya porini. Katika kaunti hii mtu atakuazima gari, atakupa figo, lakini hakwambii anakochuma beri zake za mlimani, hata umzae mwenyewe! Ramani ilirudi nyekundu yote. Ofisi yangu nayo ilitia alama, ndogo tu. (Sauti: "Ndogo? Nusu ya mlima!")

Mlima oyee! (Oyee!) Barafu oyee! (Oyee!) Mchakato shirikishi oyee! (Mtu mmoja tu anakohoa.)

Kwa kumalizia, nawashukuru mafundi ambao hatukuwaajiri, mashine ambazo hazikuja, na ninyi nyote mliokuja kuzindua njia ambayo, tukishakata utepe huu, mtakuta nyuma yake ni msitu tu. Njia haipo, Mwalimu. Haijawahi kuwepo hata hatua moja. Naona aibu, na naomba unisamehe.

(Mwalimu Borghild anagonga fimbo yake chini. "Ipitisheni kwangu. Mnafuata kijito mpaka kwenye mwamba uliopasuka, beri zangu zinaanzia hapo, upande wa kulia, moja kwa moja mpaka ziwani. Miaka sitini na miwili sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu Anders." Umati unaguna. Mchungaji anavua kofia. Earl anafuta machozi waziwazi.)

Mwalimu! Mbele ya watu wote hawa?

("Mbele ya watu wote. Sasa nibebeni. Orville, shika mbele, na ufunge mdomo, kuna mlima wa kupanda.")

Wananchi, hotuba yangu inasitishwa kwa sababu za kiutendaji. Lyle, shika nyuma. Earl, weka chini hiyo pai, njoo huku. Taratibu hapo kwenye mizizi. Mtu mmoja atangulie na shoka, afungue njia. Hiyo siyo ahadi, nasema afungue sasa hivi! (Sauti za shoka. Watu wanafuata mmoja mmoja.) Mwamba ule pale. Jamani, Mwalimu, vichaka vyote hivi ni vyako? Nimekaa kaunti hii maisha yangu yote, sijawahi kuona beri kubwa namna hii. Tukikishusha kiti hapa, magurudumu yatazikanyaga.

("Acha yazikanyage. Na wewe chuma moja ule, Orville. Zimeiva.")