Kamioneti Yangu na Bibi Arusi wa Kavumu

Jumamosi, 1 mwezi wa tano 1976

Iko yangu! Yangu! Imesimama mbele ya mlango hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na magurudumu yote manne. (Moja limetoka kwenye gari la aina nyingine. Haidhuru.) Pejo 404, kamioneti, na bashi la turubai nyuma. Nimeshona nguo za watu miaka na miaka, vidole vimetobokatoboka kama chujio, lakini leo nimekaa nyuma ya usukani wangu mwenyewe. Sijaenda popote. Nimekaa tu. Raha!

Nsimire, mke wangu, amefurahi pia, ila kwa sababu mbaya. Anasema sasa kabichi zake zitatoka Kavumu bila kubebwa mgongoni. Kabichi! Nikamwambia mtu hatafuti kamioneti ya namna hii juu ya kabichi. Akauliza: basi ni juu ya nini? Swali la ajabu. Nilimhurumia.

Habari kubwa zaidi. Adélaïde, mdogo wake Nsimire, anaolewa Jumamosi ijayo kwao Kavumu. Baba mukwe, muzee Alphonse, amesema atachagua mwenyewe gari la kumpeleka bibi arusi kanisani: langu ao la Mushagalusa. Huyu Mushagalusa ni muuza nyama, jirani yangu, na kwa bahati mbaya ni mjomba wa bwana arusi. Ana kamioneti nyeupe, mpya, anayoifuta kwa leso. Kwa leso!

Tangu nimuoe Nsimire, baba mukwe hajawahi kutamka jina langu. Ananiita "ule mushonaji". Nikimbeba Adélaïde, atalitamka. Itambidi.

Jumapili, 2 mwezi wa tano

Misa. Sikusikia mahubiri. Niliwaza resori, zile springi za chini ya gari.

Kiisha nikaenda kwa Bulonza, fundi wa magari, nikamkuta amelala chini ya lori. Nikamweleza: kamioneti lazima ipande juu. Njia ya kanisa la Kavumu ni tope tupu, gari fupi litalala pale na arusi yake. Bulonza akauliza kama nimeshaiendesha hivi ilivyo. Nikamjibu sihitaji kuiendesha ili kujua kwamba ni fupi. Akakubali. Ni fundi mzuri, habishani.

Jumatatu, 3 mwezi wa tano

Imepanda! Bulonza ametia majani ya resori ya lori, juu ya yale ya zamani. Sasa kamioneti inawatazama watu utosini. Mushagalusa alitoka dukani kwake na kisu mkononi, akasimama, akaitazama, akarudi ndani bila salamu. Hiyo ndiyo salamu niliyoitaka.

Nsimire akaja, akatafuta mahali pa kukanyaga, hakupaona.

"Cirhuza, hii iko motokari ao iko dari?"

Nikamletea kiti. Akapanda. Tukaenda Kavumu, tukajaza kabichi, tukarudi. Hapo nikagundua jambo dogo: resori za lori hazijui kuinama kwa mzigo mdogo. Kila shimo, kamioneti ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, na kabichi nazo zikaruka, zikapita juu ya ubao wa nyuma, zikateremka mlima wa Kadutu mbele yetu. Watoto walizikimbilia kwa vigelegele. Jioni hii mtaa mzima unanuka kabichi, isipokuwa kwetu.

Nsimire alishuka akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani amevutiwa na nguvu za gari.

Jumanne, 4 mwezi wa tano

Gari la arusi bila jina? Haiwezekani. Nilimwita mchoraji, akaandika mlangoni kwa herufi nyekundu: DELPHINE. Zuri ajabu! Jina lilinijia tu, kama hewa.

Rangi haijakauka, akatokea citoyen Lwaboshi, mukubwa wa cellule yetu, tawi la chama mtaani, ambaye ninamshonea abacost, suti isiyo na tai, ya kuvaa kwenye arusi. Akasoma mlango mara mbili. Akasema wananchi wote, kwa amri ya Rais, wameacha majina ya ubatizo, yeye mwenyewe ameacha, je, kamioneti ni nani hata ibaki nalo? Kwa kweli ana haki, ingawa nyumbani Adélaïde bado ni Adélaïde.

Nsimire hakujali siasa. Yeye aliuliza kitu kimoja: Delphine ni nani?

Nikaapa hakuna Delphine. Akasema kama hakuna, imekuwaje nimelipata jina haraka hivyo, wakati mtoto wetu wa kwanza alikaa siku nyingi bila jina juu ya baba yake anafikiri?

Nikafuta. Nikapata wazo tamu sana. Nikamwambia mchoraji aandike NSIMIRE, tena kubwa, kwenye ubao wa nyuma, jiji lote lisome. Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja akitabasamu. Lakini mchoraji alikuwa ameshaandika pale chini, kama kwenye magari yote: MUZIGO MUZITO.

Akasoma polepole. "Nsimire, muzigo muzito." Akarudi ndani.

Nimekula sombe ya jana, baridi, peke yangu.

Jumatano, 5 mwezi wa tano

Honi! Nimepata honi! Mushagalusa ana honi ya sauti mbili. Mimi nina honi ya mashua. Mtu wa Idjwi aliitoa kwenye mashua yake iliyooza, akaniuzia akisema inasikika kisiwa chote. Bulonza alikuwa na kazi nyingi, nikaona niunge waya mwenyewe. Waya ni uzi tu. Mimi na uzi tunajuana.

Nikaunga. Nikabonyeza: kimya. Nikabonyeza tena: kimya. Nikaondoka nikiwa na huzuni, nikateremka kuelekea Nyawera. Kwenye kona ya kwanza nikakanyaga freni.

BUUUUUUU!

Nilidhani mwisho wa dunia umefika. Nikaachia freni, kimya. Nikakanyaga, BUUUUU! Nilikuwa nimeunga honi kwenye freni. Sasa, Bukavu si mji wa tambarare. Bukavu ni mteremko mmoja mrefu wenye nyumba. Nililia kama mashua kutoka Kadutu mpaka chini. Watu wenye magunia na kuku walitoka mbio wakielekea bandarini, wakiambiana mashua ya Idjwi imewahi leo. Maman mmoja alikimbia na unga kichwani, akinipungia mkono nimsubiri.

Jandarme akanyoosha mkono. "Weye! Simama!"

Nikasimama. Yaani nikakanyaga freni. Nikamlilia usoni. Akaruka nyuma. Akaniamuru ninyamaze. Nikaachia freni ninyamaze, gari likaanza kumfuata. Akaamuru lisimame. BUUUU! Tuliendelea hivyo muda mrefu, kati ya kunyamaza na kusimama, mpaka akachoka yeye, akaniambia niende, niende mbali, na nisipite tena zamu yake.

Siku nzuri kuliko zote! Hakuna Mushagalusa mwenye honi kama hii.

Alhamisi, 6 mwezi wa tano

Viti. Bibi arusi hawezi kukalia ngozi iliyopasuka. Mezani kwangu kuna kitambaa cha citoyen Lwaboshi: kijani kibichi, kinang'aa, alikileta mwenyewe toka Bujumbura. Sheria ya washonaji inajulikana: mabaki ni ya fundi. Shida ni kwamba mabaki hayakutosha. Nikafikiri. Abacost inahitaji mifuko ya ndani? Haihitaji. Suruali ya mukubwa inahitaji kufunika viatu? Viatu vyake ni vizuri, vionekane.

Mabaki yakatosha.

Nimeketi humo mchana kutwa. Kama kukaa ndani ya jani la mugomba! Vidole vyangu vimepata rangi kidogo ya kijani. Jasho, bila shaka.

Ijumaa, 7 mwezi wa tano

Baba mukwe alikuja kukagua.

Akaizunguka kamioneti. Akatazama urefu wake, akasema Adélaïde anaolewa, hapandi mwembe. Akasoma ubao wa nyuma, akamtazama binti yake kwa huruma. Nikamwomba apande tuzunguke kidogo. Kwenye mteremko, mashua ikalia. Muzee Alphonse akashika msalaba wa rozari yake na hakuuachia mpaka tukarudi.

Akamchagua Mushagalusa.

"Ule mushonaji atabeba pombe," akasema. "Na kwaya."

Pombe! Mitungi ya kasiksi! Mushagalusa akafuta gari lake kwa leso, polepole, akinitazama. Nikamwombea mvua. Mungu anisamehe. Lakini mvua.

Jumamosi, 8 mwezi wa tano

MVUA!

Ilianza alfajiri, ikapiga mabati kama wapiga ngoma wa sherehe za taifa. Mimi nikaimba. Nsimire akasema niache kuimba, ni arusi ya mdogo wake.

Kavumu. Mushagalusa akaondoka mbele na Adélaïde, gauni jeupe limejaza kabini. Mimi nyuma na kwaya na kasiksi. Wanakwaya walikuwa wakiimba, na kwa sababu ya resori kila noti ilitoka vipande vipande. Ilipendeza, kwa namna yake.

Chini ya kilima cha kanisa kuna kijito. Kamioneti nyeupe ilikuwa imelala humo, tope mpaka milangoni. Mushagalusa alisema injini inapumzika kidogo. Leso yake ilikuwa tope tupu. Baba mukwe alisimama kando, viatu mkononi, mwavuli umegeuka juu chini. Nikafika. Nikasimama. BUUUUU!

Baba mukwe akatazama tope. Akamtazama binti yake. Akanitazama mimi, huko juu.

"Cirhuza," akasema.

Jamani! Nimelisikia kwa masikio yangu!

"Cirhuza, mwanangu, beba mutoto."

Nikamwomba aseme tena, juu ya mvua sikusikia vizuri. Hakusema tena. Lakini alisema!

Wanaume wa kwaya wakamwinua Adélaïde kama wanavyoinua sanamu ya Bikira siku ya maandamano, wakamtia kabini. Citoyen Lwaboshi naye akaja mbio akiwa na abacost yake mpya, akasema mukubwa hawezi kupanda na kwaya. Akaketi mlangoni, kando ya bibi arusi. Na akapotea! Kweli, kitambaa kilimmeza, nikaona kichwa na mikono tu. Akatazama mkono wake wa koti. Akatazama kiti. Akatazama tena mkono. Akafungua kinywa kuuliza. Nikakanyaga freni. BUUUUU! Kila alipofungua kinywa, nilikanyaga.

Dirisha langu halifungi. Mvua ikaingia yote.

Tukapanda. Hatukuteleza hata mara moja! Watu walitoka kwenye nyumba, wakapiga makofi, Adélaïde akawapungia mkono kama mke wa waziri. Tukafika mlango wa kanisa. Nikashuka mbio nikamshusha mwenyewe, nikamgeuza aelekee kanisani.

Makofi yakakatika. Wimbo pia.

Gauni jeupe lilikuwa na kijani nyuma, kutoka kiunoni kushuka. Kijani kibichi, kinang'aa. Kitambaa kilikuwa kinachuja. Nsimire alinitazama kutoka chini ya mwavuli wake. Sijawahi kutazamwa hivyo. Nikaona mahali pazuri pa kufa ni hapa, kanisa liko karibu.

Ndipo citoyen Lwaboshi akashuka. Maji ya kijani yalitiririka kutoka mikononi mwake, yakaingia kwenye viatu, vilivyoonekana vizuri kwa sababu ya suruali ile. Akajitazama. Akamtazama bibi arusi. Akaelewa kwamba kama hii ni aibu, basi ni ya wawili. Akainua mkono juu.

"Wananchi! Bibi arusi amevaa rangi ya taifa! Pigeni makofi!"

Nani asingepiga? Walipiga makofi, walipiga vigelegele, ngoma ikaanza. Adélaïde akageuza shingo kuona nyuma yake, akacheka mpaka akamshika padri. Padri akasema kijani ni rangi ya tumaini pia, basi tumaini liingie ndani kabla halijapata homa.

Ndoa ikafungwa. Kasiksi ikanywewa yote. Nilicheza na kila mtu, hata na Mushagalusa, aliyefika kwa miguu.

Jioni nikasikia baba mukwe akiuliza kwa sauti kubwa: "Ule mushonaji iko wapi?"

Nilikuwa chini ya kamioneti.

Jumapili, 9 mwezi wa tano

Nsimire amenipeleka kwa padri wetu wa Kadutu baada ya misa. Hakufoka, hata kidogo. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alisema anataka kitu kimoja: niape mbele ya padri kwamba sitaongeza kitu kingine chochote kwenye kamioneti ile. Hata msumari. Gauni tutamshonea Adélaïde jipya, mifuko ya Lwaboshi nitairudisha, na kuanzia kesho kutwa ni kabichi.

Nilimtazama. Alikuwa na tope la Kavumu bado kwenye pindo la kitenge chake kizuri. Amenivumilia mengi, mwanamke huyu. Moyo wangu ukayeyuka kabisa. Nikainua mkono nikaapa kwa sauti, machozi karibu. Sitaongeza kitu. Padri akanipongeza. Nsimire akanishika mkono njia yote ya kurudi.

Nimebadilika. Najisikia mwepesi, mtu mpya.

Jumatatu, 10 mwezi wa tano

Nimeapa sitaongeza. Kutoa sikuapa!

Wazo limenijia asubuhi nikinywa chai, karibu nipaliwe. Dari! Dari la kabini ni la nini? Ukilikata, unaendesha kichwa wazi, upepo wa ziwa usoni, jiji zima linakuona ni nani anayepita. Bukavu nzima hakuna kamioneti ya namna hiyo. Mushagalusa atakula leso yake. Na kabichi hazikai kabini, hazitahisi kitu.

Nimeshazungumza na Bulonza. Aliuliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia hata padri anajua, na kwa namna fulani ni kweli. Anakuja kesho na msumeno wa chuma, Nsimire akishaenda sokoni.

Anga iko safi, hakuna wingu hata moja upande wa ziwa. Mvua ya nini tena!