Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekwenda Nzuguni kumsaidia shemeji Generosa kupanga vitu vya marehemu kaka Yotham. Kusaidia ni jina tu, nilifuata redio ya kaseti. Nimechelewa. Henry, mdogo wake Generosa, ameshaifunga kwenye pikipiki. Eti Jumamosi, tukimaliza kuweka msalaba kaburini, atatupigia ule wimbo wa makelele wa Waingereza wenye nywele hadi kiunoni, bendi aliyoipenda kaka. Wimbo ambao hata mbuzi wa vijijini Chemba wanaujua.

Kaseti ya bendi hiyohiyo Henry aliitoa redioni akaiacha mezani. Nikaitia mfukoni. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Agosti

Mzee Bartolomayo, mlinzi wa jirani, ana redio ya zamani. Kaseti ilikuwa imesimama upande wa pili, mwanzo wa wimbo wa nne. Ule wa polepole! Nilipokuwa nasoma huku naishi kwa kaka na shemeji, nilikuwa nikiuruka kwa kuizungusha kaseti kwa kalamu. Leo nimeusikiliza wote. Gitaa linatembea kama mtu aliyevua viatu asiamshe wenye nyumba. Machozi yamenitoka. Nimemwambia Mzee ni vumbi. Kwa Dodoma ya Agosti, amekubali.

Hakuna anayeujua wimbo huu ila mimi. Henry kwisha habari yake.

Kasoro moja: ni mchafu. Kaka aliurekodi kwa kuweka kinasa sauti mbele ya redio, mwaka alipooa. Jogoo anawika, sufuria inaanguka, watu wanaongea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempelekea Brighton, fundi wa studio hapa Ipagala. Kompyuta yake inachuja kila kitu. Akaniuliza, na hawa watu niwatoe? Nikamwambia hasa hao. Nikamwagiza aurudishe ukiwa safi kwenye kaseti ileile, juu ya ule wa zamani, na kwenye kompyuta asibakize kitu. Henry ana mkono mrefu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima. Nzuguni yote iko viwanjani kutazama ng'ombe. Mimi nimeshinda ndani nikiandaa hotuba.

Jumamosi, 9 Agosti

Msalaba umesimama, tukarudi kwa Generosa, Henry akapiga wimbo wake kwenye redio ile, kwa kaseti yake mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa. Nikasimama, nikasema nimegundua hazina aliyoiacha kaka, nikatia kaseti.

Generosa aliinamisha sikio kwenye spika kama mtu anayengoja hodi. Wimbo ukaisha. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, mbona yeye hayupo?"

Nikauliza nani.

Akasema katikati ya wimbo kuna Yotham anamwita atoke jikoni, "Gene, njoo usikie hapa." Anakwenda, anacheka. Tangu tumzike, kila Jumapili akitoka kanisani anauweka hapohapo. Sauti nyingine ya mumewe hana. Akaniomba nimrudishie ile kaseti yenyewe.

Nikamwambia ndiyo hiyo.

Aliitoa redioni, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaingia ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli za Henry. Naye akaanza kukusanya viti.

Brighton nimempigia njiani. Amefuta vyote, kama nilivyoagiza. Ni fundi mwaminifu.

Nami niliisikia sauti ile Jumatano. Nilikuwa nasikiliza gitaa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata njia. Mimi na Yotham tulikuwa na sauti moja, hata mama kwenye simu alituchanganya. Nimejirekodi jikoni, simu mbele ya redio ya Mzee Bartolomayo, humo wimbo uleule kwa kaseti ya kuazima. "Gene, njoo usikie hapa." Mara kumi na moja. Sufuria nimeiangusha mwenyewe. Jogoo wa jirani amewika bila kuombwa.

Nikasikiliza ile ya kumi na moja. Alikuwa Yotham. Nikageuka kutazama mlango.

Nimekaa sakafuni mpaka chai ikapoa.

Kesho naipeleka Nzuguni, Henry asijue. Ila ina uchafu kidogo: mwishoni kuna mtu analia kwa mbali, na jikoni nilikuwa mimi tu. Nitapitia kwanza kwa Brighton aitoe.