Malalamiko Juu ya Kiwanda cha Jangwani Ambacho Hakipo

Gahanna, Columbus
Alhamisi

Kwa Baba Mkubwa Salvatori,
Msemaji wa ukoo wetu,
Jeffersontown, Louisville.

Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekaa siku nne nikitafuta maneno yasiyo na hasira, na haya ndiyo niliyoyapata. Naleta mbele yako malalamiko kuhusu siku yangu moja ya likizo, ambayo ukoo umeigeuza kuwa tangazo la kazi.

Baada ya miaka mitatu ya kubandika lebo kwenye maboksi ghalani, nilipewa likizo, nikaenda jangwa la Utah. Jumamosi asubuhi nilitazama miamba myekundu, mingine imetobolewa katikati na upepo kama mlango usio na nyumba. Mchana niliingia katika ukumbi wa mji mdogo wa jirani, ambako akina bibi hushona mablanketi kwa kuunga vipande vya nguo za zamani. Walinipa sindano, nami nikashona kipande kimoja. Kisha nikatuma picha mbili kwenye kundi la ukoo. Hapo ndipo nilipokosea.

1. Dakika haijaisha tangu nitume picha ya miamba, Shangazi Flavia wa Buffalo alileta ujumbe wa sauti: "Irakoze mwanangu, nani kakupeleka huko? Hapo hata muhogo hauoti!" Nilijibu kwamba sikwenda kulima. Akauliza, basi nimekimbia nini?

2. Wewe mwenyewe uliona wanawake kumi na mmoja wameinama kwenye meza ndefu, na katikati yao mtoto wa mdogo wako, ukaandika: "Hongera kwa kazi mpya. Ni zamu ya mchana au ya usiku?" Nilieleza kwamba ile ni starehe. Ukajibu kwamba wiki ya kwanza kila kiwanda ni starehe.

3. Binamu Dionizi aliuliza kama Kiingereza ni lazima. Binamu mwenzake Kayumba aliuliza kama wanapokea mtu mwenye mgongo mbovu. Hakuna aliyeuliza kama nimepumzika.

4. Kesho yake, kanisani Buffalo, kati ya ratiba ya kwaya na taarifa ya wagonjwa, ilitangazwa kwamba Mungu amefungua kiwanda jangwani. Watu walipiga makofi.

5. Dionizi amemwandikia bosi wake barua ya kuacha kazi. Mwisho wake ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kitanda ameshakigawa. Analala sakafuni kwako, akisubiri nimtumie anwani ya kiwanda.

Nimefikiri sana, Baba Mkubwa. Ukoo wetu unajua sababu tatu za kusafiri: vita, kazi na msiba. Mtu aliyepanda ndege akatazame jiwe kisha arudi, hatujui tumweke wapi. Kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulitazama mawe kila siku, yamekandamiza maturubai yasipeperuke, na hakuna aliyetupiga picha tukitabasamu. Hilo naelewa. Lakini nina miaka ishirini na sita, na ile ilikuwa siku yangu ya kwanza isiyo na faida kwa mtu yeyote. Naomba nirudishiwe.

Kwa hiyo naomba Buffalo itangaziwe kwamba Mungu hakufungua chochote. Dionizi aichukue barua yake kabla bosi hajapata mtu mwingine, na atafutiwe kitanda. Tena kila mwaka ukoo uchague mtu mmoja kwa kura, apelekwe mahali pasipo na kazi, mgonjwa wala harusi, akae kutwa nzima bila kufanya kitu, na akirudi atoe ushuhuda kanisani. Napendekeza uanze wewe.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto wote, wazee wa kanisa, na Dionizi hapo sakafuni.

Ni mimi mtoto wenu, niliyekuwa mapumzikoni,
Irakoze

Nyongeza: Nilipoingia ukumbini, kabla hata sijavua miwani ya jua, niliwauliza wale bibi kama wanaajiri. Mdomo ulinitangulia. Walisema hapana, wao hukutana tu kushona. Ila mmoja wao ana dada mwenye duka la vitambaa, na anatafuta mtu. Nimejaza fomu. Mahali pa mdhamini nimeandika jina lako. Wakikupigia, tafadhali waambie mimi si mtu wa kuomba likizo.