Picha ya Mama Inangoja Mwanga

Jumanne, 2 Septemba

Kamera imefika! Nimeuziwa na dereva wa magari ya watalii. Aliapa imeshapiga simba arobaini. Nikisimulia kwa ploti, kwa wapangaji wenzangu, niliongeza kidogo. Nilisema simba mia, na mmoja wao alikuwa anakuja.

Nimeona mtaalamu kwa simu. Anasema mpiga picha wa kweli hatembei mbali kutafuta msukumo, anaupata pale anapoishi. Sufuria. Kamba ya nguo. Kivuli cha mlango. Mimi hayo nilikuwa nayajua tangu nikiwa mtoto, ni vile tu hakuna mtu aliwahi kuniuliza. Niliacha shule darasa la saba, si kwa kushindwa. Walimu walikuwa wamebaki nyuma.

Mama ameiona kamera, akaenda akavaa kile kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisa. Akaketi kwa stuli nje ya mlango. Anataka picha moja tu, ya kuwekwa kwa programu ya mazishi yake. Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayeagiza unga. Hataki afanyiwe kama Mama Njambi wa ploti ya pili. Huyo watoto walikosa picha yake, wakakuza ile ya kitambulisho. Tukazika mtu amekodoa macho kama ameshikwa na kuku wa wenyewe.

Nikamwambia asijali. Kesho asubuhi. Leo mwanga ni mbaya.

Alhamisi, 4 Septemba

Msukumo! Mitungi ya manjano imepangwa foleni kwa bomba la maji, jua linapita ndani yake, inawaka kama taa za kanisa. Nilipiga nikiwa nimelala kwa tope. Emmy wa mlango wa tatu akaniuliza kama nimetumwa na watu wa maji ama nimetumwa na kichwa changu. Sikumjibu. Msanii akiwa kazini hajibu.

Mama naye alikuwa na kitambaa chake, amesogeza stuli kufuata jua, mpaka akaingia mbele ya mtungi wangu mzuri kuliko yote. Nikamwomba kwa heshima asogee kidogo, ananizibia. Akasogea. Lakini alisema ploti nzima ikisikia kwamba alidhani kifungua mimba wake ni kaka yangu Ndung'u, kumbe ni mtungi.

Shiko, binti wa marehemu dada yangu, tunakaa naye hapa. Alisema, "Anko Kabiru, si umbonyezee tu moja? Ni sekunde." Hawa watoto! Nikamweleza kazi yoyote kubwa inataka subira. Nikampa mfano wa wakati nikiwa utingo pale Mai Mahiu, nilivyopandisha lori mlima mzima mpaka juu na halina breki hata kidogo. Akafikiria kidogo, akasema kupanda mlima hakuhitaji breki.

Simu imeharibu vijana.

Jumamosi, 6 Septemba

Masinde! Huyu ana studio karibu na stendi hapa Free Area. Ukuta wa nyuma amening'iniza pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na samaki anayeruka ambaye ni mkubwa kuliko miti. Watu wanapigwa picha za pasipoti, wa harusi wanapigwa na samaki. Hiyo anaita kazi.

Leo alipita kwa ploti. Akamsalimia Mama kwa mikono miwili, akamwambia akitaka picha aende tu, yeye atampiga bure. Mbele yangu! Nikasimama. Nikamwambia mama wa msanii hapigwi mbele ya maji ya rangi.

Masinde akasema, "Sawa, boss. Mpige basi."

Wote wakageuka kutazama. Emmy aliacha kufua. Nikainua kamera. Mama akanyoosha shingo, akalamba midomo, akaweka mikono kwa magoti vile walifundishwa zamani. Halafu wingu. Likatoka moja kwa moja upande wa mlima Menengai, likakaa juu ya ploti yetu peke yake! Nikaishusha kamera. Ningefanya nini? Picha ya haraka ni kama ugali ambao haujaiva.

Mama alibaki amenyoosha shingo kwa muda. Kisha akavua kitambaa, akakikunja, akaingia ndani.

Masinde hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Mai Mahiu kupiga malori. Mtaalamu alisema tusitembee mbali, lakini hajafika Mai Mahiu. Nilipata matairi mazuri sana. Dereva mmoja alidhani mimi ni mtu wa serikali, akashuka na rungu. Nikaondoka mahali hapo kwa mwendo wa heshima, na kiatu kimoja nikakiokota baadaye.

Nilirudi alasiri. Mama hakuwepo. Stuli yake ilikuwa peke yake hapo nje ya mlango, na mwanga, ndugu zangu, mwanga! Umelala juu ya ile stuli kama siagi. Nikaipiga kutoka kila upande. Sijawahi kuona kiti kimekaa kitupu vizuri hivyo.

Mama alikuja jioni, viatu vina vumbi, kitambaa cheupe kichwani, na leo si Jumapili. Alisema alikuwa kwa rafiki. Alikula vizuri, akamtania Shiko. Habari ya picha hakuitaja hata mara moja. Naona ameanza kuelewa sanaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama ametuacha. Shiko ndiye alimpelekea chai, akamkuta. Chai ilikuwa bado moto wakati majirani wanaingia.

Kitambaa kilikuwa kimekunjwa kando ya mto.

Siku nzima jua limewaka. Hakuna wingu hata moja.

Jumapili, 14 Septemba

Kikao cha mazishi, nyumbani kwetu. Ndung'u, kaka yangu mkubwa, alikuja kutoka Njoro. Mambo ya jeneza yakaisha, ya chakula yakaisha, ikafika picha ya programu. Wakanitazama mimi. Nikatoa kamera kwa fahari ya kutosha.

Shiko akawa anapitisha moja moja. Mtungi. Mtungi. Tairi. Stuli. Stuli. Ndung'u akauliza Mama yuko wapi. Nikasema yuko karibu sana na picha, ila kwa nje. Emmy akaanza kulia. Ndung'u alinyoosha mkono tu, akaomba aletewe kitambulisho cha Mama.

Nikaenda chooni. Nikakaa huko.

Niliporudi Masinde alikuwa amesimama mlangoni na picha kwa fremu. Ni Mama! Kitambaa cheupe, mikono kwa magoti, anacheka mpaka pengo linaonekana. Nyuma yake maporomoko yote yale, na samaki. Masinde akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Mama alikuja studio kwa miguu Jumanne. Akamwomba aiweke, aje nayo tu kama siku imefika na mimi bado sijampiga, ili nisiaibike mbele ya watu. Mama alimwambia, "Usimwambie Kabiru. Bado anatafuta mwanga."

Ndung'u aliweka kitambulisho chini. Shiko alinishika mkono, sijui kwa nini.

Nimekaa nikiyafikiria hayo maneno. Bado anatafuta mwanga. Kati ya watu wote, Mama peke yake ndiye alikuwa anaelewa kazi yangu.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumemzika Njoro. Watu walishika programu wakasema ndiye kabisa, huo ndio ucheko wake. Wakauliza ni nani alimpiga. Nikasema ni sisi wapiga picha wa Free Area. Masinde alikuwa karibu, alisikia. Alichukua koleo akaenda kusaidia vijana kufukia.

Ni picha nzuri, sikatai. Ingawa yule samaki anavuta macho.

Watu wakienda kula, Tata Mugure akanivuta mkono. Huyu ni mdogo wake Mama, ndiye peke yake amebaki kwao. Alisema naye hataki ya kitambulisho. Nimpige moja hapa hapa, akiwa bado na nguvu za kucheka. Akapata stuli, akafunga kitambaa chake vizuri, akaketi, akanyoosha shingo. Jua lilikuwa nyuma yangu, limemwangukia uso wote.

Nikamwambia Tata asijali. Kesho asubuhi. Jua la saa hii ni kali mno.

Halafu nikaona nyuma yake zile koleo, zimeegemezwa kwa ua, udongo mwekundu bado mbichi, kila moja na kivuli chake. Msukumo!

Nikamwomba asogee kidogo, ananizibia.